Kigoda cha Bibi Yako

Uru

Mjukuu wangu mpendwa Neema,

Shikamoo yako imenifikia, nami naiitikia marahaba. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Huku tu wazima. Ng'ombe amezaa, na shangazi yako amekuja kunisaidia kuchuma kahawa.

Umeniandikia kwamba unataka kuacha somo la Kiingereza, kwa kuwa maneno yote ya hadithi mliyopewa unayajua, ila huelewi kwa nini mzee yule anakataa kiti cha marehemu mkewe kiondolewe.

Shuleni kwetu misheni tulisoma habari ya mtu aliyegombana na jirani yake, kisha akampelekea maua. Mwalimu wetu, mgeni kutoka ng'ambo, akauliza sababu. "Ni majani ya kulishia ng'ombe!" akajibu mwenzangu, darasa likaangua kicheko. Mimi, kwa Kiingereza changu kibovu, nikasema, "Amepeleka sale." Nikamweleza kwamba sale ni mmea wa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na mtu akikuletea jani lake kuomba radhi, huwezi kumkatalia.

"Hadithi umeielewa," akasema mwalimu. "Sarufi tutairekebisha."

Samahani kwa maneno mengi. Jana shangazi yako alitaka kukitoa jikoni kigoda cha bibi yako, akisema kinaziba njia. Nilimsihi akiache palepale, karibu na mafiga, ulipozoea kumenya naye ndizi.

Usiache somo, mama. Andika kwa nini nilimsihi.

Ni mimi nikuombeaye,
Babu yako