Marehemu Amerudi Kudai Ugoro

Jumatano, 11 Juni 1975

We bibi, huna haya! Siku kumi na mbili hujafungua daftari. Mwalimu Leonard wa kisomo alisema kila siku mstari mmoja — mmoja tu! Mdomo hauchoki, mkono ndio uchoke?

Haya. Jana jioni gari la sinema lilipanda kutoka Morogoro. Wakaonyesha mambo ya mbolea. Halafu Wazungu wanaofufuka makaburini — misukule mitupu! Mmoja kichwa kikamdondoka, kikabingirika, naye anakikimbiza mtelemkoni kama mtu aliyeponyokwa na kabichi. Watu wengine wanapiga mayowe, mimi nacheka mpaka nikajikojolea kidogo. Severini, jirani na mtani wangu, alicheka kuliko wote, na kifua chake kile kibovu. Kasema akifa atarudi hivyo hivyo kudai ugoro wake.

Ijumaa, 13 Juni

Severini amekufa. Kifua. Jana alfajiri. Tumemzika leo.

Jumapili, 15 Juni

Theresia mkewe hajala tangu Alhamisi. Anatazama ukuta. Uji unapoa, wanamwaga, wanapika mwingine.

Kosa ni letu sisi watani! Ukoo wetu na wa Severini tunataniana tangu mababu. Msiba wao, sisi ndio wa kuchekesha. Kwetu Kibwana ndiye hulala kaburini kabla maiti haijashushwa, hatoki mpaka apewe kuku. Juzi kagoma. Kasimama mbali na shimo. "Bibi, mimi nimeona sinema. Nikishikwa mguu humo je?" Mtu na ndevu zake! Severini akafukiwa kimya kama mzigo. Msiba bila utani — mjane atautua wapi uchungu?

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda mwenyewe. Nimevaa koti la Severini, lile lenye kiraka cha gunia, majivu usoni. Nikaingia uani mikono mbele, shingo upande, nakohoa kikohozi chake. "Theresiaaa! Ugoro wangu uko wapi?" Wanawake wakatimka. Sufuria chini. Kibwana juu ya mpera! Nikajikwaa kwenye kinu, nikaanguka chali — hilo sikulipanga. Kiuno changu!

Theresia ananitazama. Nikasema moyoni, basi, nimemmaliza. Kisha midomo ikacheza. "Marehemu gani huyu ana matiti?"

Akacheka. Akalia. Akacheka tena. Akashika koti, akaweka pua kwenye kola, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu kaniambia ugoro uko juu ya mlango, nisiumalize.

Wamepika uji mwingine. Nimeagiza daftari liletwe, naandika hapa hapa barazani kwake, koti bado mwilini. Bakuli liko mapajani pake. Kijiko kashika. Hajakipeleka —

Kibwana anauliza kutoka juu kama ashuke. Nimemwambia angoje, marehemu bado ana njaa. Theresia kaguna. Kijiko kimeinuka kidogo.

Ukifungua tena daftari, we bibi, usianze na mvua wala kiuno. Kwanza andika: bakuli lilirudi tupu? Kama halikurudi tupu, vaa koti, rudi kwake.