Sinia la Mama Limerudi

Alhamisi, Lindi

Kudai sinia kwa jirani ni aibu, kwa hiyo nilinyamaza siku tatu. Mwanaidi, mkwe wangu, alilitoa ukutani akapelekea futari kwa Somoe, jirani yetu mpya. Hakujua. Sinia lile la bati, lenye mawaridi yaliyochorwa kwa mkono, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha nyumba ya mama kule Kilwa, tulikohama nikiwa mtoto.

Leo alasiri Somoe amelileta mwenyewe, na juu yake mkate wa kumimina.

"Shikamoo, babu. Nimeona haya kulirudisha tupu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Tena nimelisugua kwa majivu na ndimu, yale marangi yaliyokuwa yakibanduka yametoka yote. Sasa unaweza kujitazama."

Nilijitazama. Halikubaki waridi hata moja.

Alisimama mlangoni, mikono bado ina harufu ya ndimu, akingoja nifurahi. Nikamshukuru. Nikasifu mkate, ingawa nimefunga.

Mwanaidi hajaliona. Akiliona atajilaumu mpaka Idi, na mimi sijui kama nitaweza kumwambia kwamba si kitu...

Nimelitundika pale pale, uso umegeukia ukuta.