Vijiti vya Simu na Kimya cha Salma

Kwa ahali yangu mpenzi, Mama Salma,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namshukuru Mola aliyeniamsha leo na nguvu za kushika kalamu. Goti lako lasemaje? Yale mafuta niliyompa dada yako akuletee Siyu, uyapake kila usiku, wala usiyagawe kwa majirani kama ilivyo ada yako. Mimi huku Mji wa Kale ni mzima, na wanafunzi wangu wa madrasa wanaendelea vyema.

Nakuandikia jambo ambalo sikutaka liende kwa simu, na utaona kwa nini.

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya alasiri, alinijia Bwana Mbarak, muuza leso wa Biashara Street, pamoja na mwanawe Nasri, yule mhandisi wa minara ya simu niliyekutajia mwezi wa Mfungo Mosi. Walikuja kumposa Salma wetu. Nikawaambia kuwa mimi ni walii wake, lakini mwenye kuridhia ni yeye.

"Basi tumpigie sasa hivi, Maalim, tujue moja," akasema Bwana Mbarak. Akaomba niifungue sauti wote wasikie, nami nikakubali.

Salma akaitika, "Labeka, baba." Nikaanza, "Mwanangu," nikamweleza ujumbe wote, kisha nikamuuliza kama aridhia. Pakawa kimya. Simu haikukatika. Bwana Mbarak akachungulia kioo cha simu, akaona vile vijiti vya mtandao vimesimama vyote pembeni, akapiga makofi.

"Amenyamaza! Kimya cha mwanamwali ni idhini. Si wewe mwenyewe uliyetusomesha?"

Kweli, hukumu hiyo naisomesha. Nilikwishainua mikono tusome Fatiha ya kufunga posa, ndipo Nasri akasema taratibu, "Baba, hatujui kama amesikia."

"Huvioni vijiti? Vimejaa!"

"Vimejaa hapa kwetu. Siyu ni kwengine."

"Mola wangu! Nakutafutia mke, wewe waniletea habari za minara!"

Tukacheka sote. Hata hivyo nikamtaka kijana afafanue. Akasema vijiti vile huonyesha tu jinsi simu yangu inavyoupokea mnara ulio karibu nami. Havinambii kama mnara nao waipata simu yangu vizuri, wala kama njia ina msongamano, wala simu ya Salma i katika hali gani huko aliko. Tena kila mtengenezaji wa simu hujiamulia mwenyewe avionyeshe vingapi. Nikaona ni kama kipaza sauti cha msikiti: mtu aliye mtaa wa Majengo huisikia adhana barabara, lakini muadhini hamsikii yeye akiitikia.

Nikashusha mikono. Nikamwambia Bwana Mbarak, "Kimya ni idhini kwa aliyelisikia swali. Asiyelisikia bado hajaulizwa."

Nikaikata simu, nikapiga tena. Salma akapokea kwa wahaka: "Baba, kuna nini? Umesema 'mwanangu', kisha ukanyamaza. Nilidhani umeanguka!" Kumbe naye alikuwa akisikiliza kimya changu. Nikamtuliza, wala sikumuuliza tena mbele ya wanaume wawili waliotega masikio. Haki yake ni kubwa kuliko hivyo. Wageni wakaenda zao bila Fatiha. Bwana Mbarak amenuna kidogo, ingawa kahawa yangu aliimaliza.

Sasa kazi ni yako, mke wangu. Keti naye faragha. Mwambie Nasri ni mtu wa swala, mpole, na riziki yake ni ya halali. Mwambie pia kuwa alisema neno ambalo lingeweza kumkosesha harusi, nami nimemheshimu kwalo. Kisha muulize. Akinyamaza, mtazame usoni. Wewe umemzaa, utajua kama ni haya au ni huzuni. Usimharakishe, wala usimwambie mimi napendelea lipi.

Jibu lake, liwe lolote, nitalipeleka kwa miguu yangu hadi dukani kwa Bwana Mbarak. Likiwa la kukubali, tutasoma Fatiha. Likiwa la kukataa, nitamwambia waziwazi, nitakunywa kahawa yake, nitarudi kusomesha.

Nisalimie kaka yangu imamu, mama mkwe wangu asiyenisahau katika dua zake, na jirani yetu mshona kofia. Wewe nakuombea afya na utulivu wa moyo.

Na Salma mpe salamu zake peke yake, baada ya wote: babake amemuuliza, na anamsubiri.

Mumeo akupendaye,
Maalim Athman