Funda la Chai Mbele ya Mafuvu

Mpendwa Baba,

Tangu juzi situlii. Nashona, nafumua. Jana nilikata suruali ya mteja ikawa fupi, mimi fundi wa miaka yote hii hapa Voi, na mwenyewe akacheka, akasema basi itamfaa mwanawe. Ni huyu ndugu yako, Baba Mdogo. Alikuja dukani, akakataa kiti, akasema kabla shamba ulilotuachia Wundanyi halijagawanywa, mimi na kaka yangu Mwadime tupimwe DNA.

"Hatusemi wewe si wetu, mama. Lakini si ujiangalie tu? Watu wanaongea." Jumatatu tunangojewa Nairobi, tukatoe mate.

Nijiangalie! Kana kwamba niliwahi kuachwa nisahau. Mweupe kama chapati isiyoiva, mrefu kumpita Mwadime, katikati ya ukoo wa watu weusi wafupi. Mama naye hayupo nimuulize, na angekuwepo nisingethubutu.

Wewe ulikuwa mwalimu wa baiolojia, na kila aliyekutupia swali hilo ulimjibu kwa furaha, kama vile hukusikia sumu iliyokuwemo. "Rangi hairithiwi nzima kama koti," ulikuwa ukisema. "Huja vipande vipande, kutoka kwa watu wengi waliokufa zamani." Mke wa mchungaji akikupita njiani alikutania, "Mwalimu, wewe na nyani wako!" Nawe ukamjibu, "Nyani ni binamu, mama, si babu. Na binamu hatuchagui." Nilizoea kujificha nyuma ya majibu yako.

Unakumbuka siku uliyonipeleka kwenye mwamba? Nilikuwa darasa la saba. Ulibeba flaski, tukapanda kwenye ukungu mpaka pale ambapo mafuvu ya watu wetu wa zamani yamepangwa kivulini. Niliogopa, nikakushika koti.

"Niambie, huyu alikuwa mweusi au mweupe?"

"Sijui, Baba."

"Na huyu? Mfupi au mrefu?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," ukasema, ukaketi. Ukanieleza kwamba watu wote wa dunia walianzia huku kwetu Afrika, chini ya jua kali, na weusi wetu ulikuwa kinga. Waliokwenda mbali, kwenye jua hafifu, wakapungua rangi vizazi kwa vizazi, kwa sababu mifupa inalihitaji jua na ngozi nyeusi ilikuwa ikilizuia. Na sisi tuliobaki, ukasema, tunatofautiana sisi kwa sisi kuliko watu wa kwingine kokote.

Nikakuuliza, "Sasa mimi nilienda wapi?"

Ulicheka mpaka ukamwaga chai. Kisha ukajaza kifuniko tena, ukapiga funda la ile strungi isiyo na maziwa, ukalipuliza mbele ya mafuvu, vile wazee walivyofanya wakiomba baraka. Wewe, mzee wa kanisa! Ukasema kwa Kidawida chetu, pole pole, "Huyu ni wangu. Mjueni." Matone ya chai na mate yako yakaniangukia viatuni, nikayafuta kwa aibu. Wakati wa kushuka ulinionya nisimwambie mke wa mchungaji.

Jana nilimpigia Mwadime kumuuliza kama na yeye alipelekwa.

"Mwambani? Zii, sikupelekwa. Niliomba, mzee akasema mimi sina haja."

Tangu hapo natembea dukani, mlangoni na cherehani, cherehani na mlangoni. Ulijua nini, Baba? Mbona hukuniambia? Nimekukasirikia, na nimekukumbuka. Kama mimi si damu yako, basi ulijua, na bado ulipanda mlima wote ule kunitambulisha.

Asubuhi hii nimemwambia Baba Mdogo siendi Nairobi. Nimemwambia Jumatatu aje mwambani, flaski nitabeba mimi, asimame mbele ya mafuvu aseme mimi si wako. Akasema baridi ya kule juu inamsumbua kifua.

Basi nitapanda peke yangu. Shamba huenda wakaninyima, na bado sijatulia. Wewe pumzika, Baba, kuhangaika niachie mimi. Wanataka mate yangu yaseme mimi ni wa nani. Yako yalishasema.

Mwanao,
Wakesho