Mtoto wa Sponji

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi, tarehe 14

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Mgongo je, umepoa, au bado zile wodi zinakusimamisha kutwa nzima? Na Shemeji ameshaizoea baridi, au bado analala na soksi? Sisi huku kiafya hatujambo. Wifi yako ananyonyesha vizuri na mtoto anakua, mashavu yamejaa utadhani nimeyajaza mwenyewe pale karakana. Wewe sasa ni shangazi kamili, hata kama unamwona kwenye picha tu.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juzi nilikupigia, ukapokea kwa furaha, nami nikakuuliza habari za hali ya hewa mpaka ukaniuliza kama nina homa. Mdomo ulikataa. Wanasema mficha uchi hazai, basi nimeshika kalamu, maana karatasi haiwezi kunitazama usoni.

Nataka kukueleza habari za wale mbwa wako wawili uliotuachia. Kwanza ujue Karani yu hai. Tulia, usome mpaka mwisho.

Mimba ilipokuwa kubwa tulimpigia daktari wa wanyama kumuuliza tuwaandae vipi mbwa kumpokea mtoto. Yule bwana alieleza kwa utaratibu wake. Waanze kuzoea mapema, alisema, wasikie kilio cha mtoto kwa sauti ndogo kwanza, wawe na mahali pao pa kulala, na wakitulia mbali na mtoto ndipo wapewe kitu kitamu. Hilo neno "mbali" nadhani alilirudia. Lakini unanijua. Nilikuwa nimepindua kochi la mteja, misumari mdomoni, naitikia "mm, daktari, mm" huku akili yote iko kwenye kitambaa. Niliyoyashika ni mawili tu: kilio na nyama.

Nikajifanya mjuaji. Nikachukua sponji ngumu, ile ya kukalia, nikachonga kichwa, nikashona mwili, nikatia mchanga kidogo apate uzito. Alitoka mtoto mzuri, hata wifi yako nilipompelekea ndani alicheka akasema pua ni yangu kabisa. Nikamvika blanketi, nikaweka simu ndani yake ikitoa sauti ya kichanga kinacholia, na kwenye mikunjo ya blanketi nikaficha vipande vya maini. Nilidhani mbwa akisikia kilio halafu akapata ini, atampenda mtoto.

Kibibi alinusa mara moja, akanigeuzia mgongo, akarudi kulala. Yeye alifaulu mtihani kwa kutohudhuria darasa. Lakini Karani wako! Unajua anavyokagua kila mgeni pale getini kama yuko kazini, basi na masomo aliyachukua hivyo hivyo. Simu ikilia tu anakuja mbio, anaingiza pua kwenye blanketi, anafukua, anapata ini lake, anakaa. Nami nampigia makofi. Masomo yenyewe yalifanyika karakana, wifi yako miguu imevimba hawezi kuja kuona. Nikatangaza nyumbani kwamba mbwa wameiva.

Mtoto akaja, na mama mkwe akaja kumsaidia binti yake. Asubuhi moja alikuwa amempakata mjukuu sebuleni, mlango uko wazi, mtoto akaanza kulia. Dada, Karani alikuja mbio vile vile nilivyomfunza. Akaweka miguu ya mbele magotini pa mama mkwe, akaingiza pua kwenye blanketi, akaanza kutafuta. Hakunguruma wala hakutoa jino. Lakini mama wa watu aliona mdomo wa mbwa shingoni kwa kichanga, akapiga yowe "Anamla mtoto! Anamla!", akamwinua mtoto juu, na kucha za Karani zikamkwaruza mama mkwe mkono. Wifi yako alitoka chumbani anakimbia na mshono wake bado mbichi.

Hapo ndipo ningesema. Ni maneno machache tu: mimi ndiye niliyemfunza. Badala yake nilimkamata mkanda wa shingoni, nikamburuta nje, nikampiga teke mbele yao ili waone kwamba nami nimekasirika. Mama mkwe akasema, umleavyo ndivyo akuavyo. Nami nikamjibu: "Huyu sikumlea mimi, mama. Dada yangu ndiye aliyemdekeza, alikuwa analala naye kitandani."

Nikamfunga mnyororo nyuma ya karakana. Wifi yako akakupigia analia, nawe ukatuma ule ujumbe. Ulituomba radhi kwa kumlea vibaya. Ulisema mtoto kwanza, na daktari akiona Karani hafai, basi amchome sindano asiamke tena. Wifi yako alinipa simu niusome kwa sauti ili mama yake asikie. Niliusoma wote, Dada. Nikafika mwisho, nikarudisha simu, nikauliza kama kuna chai.

Ijumaa ya wiki iliyopita daktari akaja na mkoba wake. Akamshika Karani masikio, akamfungua mdomo, akalambwa mkono. Kisha akauliza mbele ya wote, "Huyu mlimzoesha vipi?" Wifi yako ndiye aliyejibu: "Mume wangu alimfundisha vizuri sana, daktari. Ni mbwa tu ndiye mbaya."

Alinitetea. Angenilaumu ningeweza kubisha, wala nisingekosa la kusema, lakini ile kunitetea ilinimaliza. Nikaingia karakana, nikamtoa mtoto wa sponji chini ya mabaki ya vitambaa, nikatoka naye nyuma, nikamlaza chini karibu na Karani, nikawasha kile kilio. Akainuka na mnyororo wake, mkia unacheza. Akaingiza pua kwenye blanketi, akafukua mkunjo mmoja, akafukua wa pili, hakukuta kitu. Akakaa chini, akaniangalia mimi. Na wao wakafuata macho yake, wakaniangalia mimi. Daktari akafunga mkoba.

"Kwa hiyo ungemwacha afe," wifi yako akasema.

Kila siku najiuliza, kama daktari asingeuliza lile swali, ningefungua mdomo? Naogopa kujijibu. Mama mkwe nilitegemea atanisema mpaka nikome, lakini alinipita tu, akaenda kumchukua mjukuu. Afadhali angenitukana.

Sasa tumeanza upya na mwalimu ni daktari mwenyewe. Karani ana mkeka wake kule pembeni karibu na mlango. Mtoto akilia anaambiwa "mkekani", anakwenda, na ini analipata huko huko. Mara nyingine bado anajisahau, lakini jana mtoto alilia mpaka akanyamaza, na Karani hakuinua ila masikio. Anaelewa upesi kuliko aliyemfunza kwanza. Hawaachwi peke yao yeye na mtoto hata kwa dakika, hiyo ni amri ya mama mkwe, nami sina mdomo wa kupinga lolote humu ndani.

Wifi yako ananisemesha mambo ya lazima tu: nepi, maji ya moto, funga mlango. Nastahili hivyo.

Nilipomfungua Karani ule mnyororo nilidhani atanikwepa, au atanikasirikia japo siku moja. Wapi! Alinifuata karakana akalala juu ya miguu yangu, nami nikalia pale katikati ya makochi ya watu.

Msalimie Shemeji na watoto. Mama mkwe anakusalimu, na anakuomba radhi kwa aliyokudhania. Wifi yako atakuandikia mwenyewe. Akinisema, mwache aseme. Mungu akulinde huko ugenini, akupe mgongo mzima na usingizi wa kutosha, na siku ukirudi utukute sote tukiwa hai.

Ule msamaha uliouomba nakurudishia, Dada, haukuwa wako wa kuomba. Wangu ndio huu: nilikusingizia, ukatuomba radhi, nami nikasimama nikausoma ujumbe wako kwa sauti.

Wako akupendaye, na anayekuonea haya,
Mdogo wako, fundi makochi