Mwalimu Nzabandora na Baa za Kadutu

Bukavu, tarehe 22 Mei 1955

Kwa mwanangu Euphrasie,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuomba radhi kwa kukaa kimya tangu nilipofika huku. Mtu anayewasahihisha wengine hapaswi kuchelewesha barua zake mwenyewe. Mafunzo yetu ya walimu huanza asubuhi na mapema na kwisha jioni, lakini huo si udhuru wa kweli. Udhuru wa kweli ni kwamba uliniachia swali, nami sikuwa na jibu lake. Mimi ni mzima. Kikohozi nilichokipata melini ziwani kimepona. Natumaini mama yako Nyiramana ni mzima, na kwamba maharagwe ya mteremko wa juu mmekwisha kuyavuna.

Swali lako nalikumbuka. Yule Symphorien wa Pinga, mpiga gita, anataka kukuoa. Tangu alipopiga likembe, kile kinanda cha vidole gumba, kwenye arusi ya binamu yako hujamwona tena, ila barua zake tu, na uliniomba nimtazame anavyoishi mjini kabla sijatoa neno langu. Nilikwambia kwamba kupiga gita si kazi. Nalirudia hapa kwa maandishi. Lakini ahadi ni ahadi.

Nikimwuliza mwenyewe anapopiga, atavaa shati safi na kunisubiri mlangoni, nami sitajua kitu. Lazima nimtafute bila yeye kujua. Alikuandikia kwamba anapiga “katika baa nzuri ya Kadutu, penye muziki wa kweli”. Kadutu ndio mtaa wetu sisi watu weusi hapa mjini, na kila mwenye baa huko anasema yake ndiyo nzuri.

Leo, baada ya misa kuu, nimeingia baa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilifuatana na mwalimu Straton, yule jirani yetu wa Masisi ambaye yuko nami kwenye mafunzo, ili pawe na shahidi. Mlangoni kijana mmoja alitazama kofia yangu na koti langu, akapiga kelele, “Muzee, misa iko kule juu! Huku tunacheza tu!” Nikamjibu kwamba mimi nimetoka misani, je, yeye? Wenzake wakamcheka, naye akanipa kiti chake.

Muziki ulikuwa mzuri. Nilikaa muda mrefu nikingoja wapigaji watoke nyuma ya pazia ili niwaone nyuso. Mwishowe Straton akaniinamia sikioni, “Kaka, nyuma ya pazia ni jiko.” Muziki wote ulitoka katika fonografu, mashine ya santuri, na msichana mmoja alikuwa akizungusha mpini wake.

Nitaendelea kutafuta. Usimwandikie lolote.

Papa yako,
Védaste Nzabandora


Masisi, 3 Juni 1955

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, maharagwe yamejaa ghalani, na wanafunzi wangu wanakusalimu. Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni. Nilipofika penye pazia, Mama alitua sufuria chini akakaa, akacheka mpaka machozi. Anauliza kama ulivua kofia.

Papa, nakushukuru kwa kuingia mahali ambapo hukupenda kuingia. Sikukwambia vizuri ninachotaka kujua. Kwamba anapiga vizuri najua, nilimsikia. Kwamba mchana ni seremala, ameniandikia. Nataka kujua jinsi anavyowatendea watu wakati anapodhani hakuna mtu wa kwetu anayemtazama. Barua zake ni tamu mno, na mimi nafundisha watoto kuandika barua. Najua utamu wa barua unavyotengenezwa.

Mama anakukumbusha desturi. Chochote kitakachotoka kwa kijana huyo, usikinywe kabla hujaamua, maana kunywa ni kumtoa binti. Anasema, “Mukumbushe Papa yako kiu ya baba yangu!” Ulikwisha kutuhadithia: watu wenu walileta kasikisi, pombe ya ndizi, nyumbani kwa babu, babu alikuwa ametoka shambani na kiu, akavuta mara moja tu kwa mrija kabla ya maneno kusemwa. Wazee wakapiga makofi, na Mama akawa ametolewa. Anasema mpaka leo hajui kama babu alikupenda wewe au alipenda pombe.

Mtoto wako,
Euphrasie


Bukavu, tarehe 20 Juni 1955

Kwa mwanangu Euphrasie,

Salamu katika Bwana. Mimi ni mzima, nanyi natumaini hamjambo. Mwambie mama yako kwamba kofia niliivua, na kwamba babu yako alinipenda.

Nimezitembelea baa mbili zaidi, Jumapili mchana. Ya kwanza ina wapigaji wa kweli, watu wanne. Lakini hawakukaza nyuzi zao kabla ya kuanza. Kila mmoja alianza alipotaka, na mwenye klarineti alimaliza peke yake, wenzake wakiwa wameshika glasi. Ningelikuwa mwalimu wao, wangelirudia kutoka mwanzo. Symphorien hakuwamo. Nilifurahi kwa ajili yake.

Ya pili inasifiwa na kila mtu. Ina taa za rangi na meza za chuma. Wapigaji wanajua kazi yao, lakini hakuna anayewasikiliza. Watu wanapiga kelele kushinda ngoma, na kila wimbo ukifika penye utamu, mwenye baa anapanda kitini kutangaza bia. Mzee mmoja aliyepiga gita alikuwa akitabasamu kama mtu anayesali katikati ya soko. Nilimhurumia. Wala humo Symphorien hakuwamo.

Nimejifunza jambo, nalo nakuandikia ingawa hukuliuliza. Baa nzuri haijulikani kwa kelele za nje. Inajulikana pale gita linapobaki peke yake: wachezaji wakisimama kidogo kulisikiliza, hapo ni mahali pazuri. Wakiendelea kuzungumza, nenda zako. Straton anasema kwamba nimekuwa mkaguzi wa baa, na kwamba nitaanza kuzipa maksi. Nimemwambia anyamaze. Ile ya pili ningeipa tano juu ya kumi.

Papa yako,
Védaste Nzabandora


Bukavu, tarehe 11 Julai 1955

Kwa mwanangu Euphrasie,

Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu nyote. Mimi ni mzima wa mwili. Soma barua hii ukiwa umekaa, na mama yako asiwe ameshika sufuria.

Nimempata. Jana, chini kabisa ya Kadutu, katika baa ya mjane mmoja, Mama Sidonie. Ni nyumba ya mbao yenye ua wa miti, haina hata taa moja ya rangi. Nilipofika mlangoni nilisikia wapigaji wakikaza nyuzi, mmoja akimngoja mwenzake kwa uvumilivu. Nikamwambia Straton, “Ni hapa.” Alinicheka.

Kiongozi wao anaitwa Papa Nestor, mtu mnene, mwenye besi ya nyuzi ya kusimamishwa, kubwa kuliko yeye. Euphrasie, besi ile haikimbii wala haichelewi. Inakwenda kama mtu aliyebeba maji kichwani na hataki kumwaga tone. Juu yake magita mawili yanajibizana, na ngoma inaingia pale tu inapohitajiwa. Walipiga rumba, kisha wimbo wa Kinyanga, lugha ya watu wa Pinga, wa kumsifu mwindaji, ambao sikuelewa neno hata moja nami niliupenda. Gita la kwanza lilipobaki peke yake, ua mzima ulinyamaza. Wachezaji walisimama, wake kwa waume, mikono mabegani. Ndipo nilipomtazama mpigaji usoni. Alikuwa Symphorien wako, yuleyule wa arusini.

Sasa sikiliza kosa langu. Jua lilikuwa kali. Straton aliinuka kwenda kununua kinywaji. Nilikuwa nikipigapiga meza kwa kidole, macho yangu yakiwa penye besi. Msichana akaja akaweka chupa ya bia mbele yangu, imekwisha kufunguliwa. “Njo yako, muzee.” Nikadhani ni Straton aliyeituma. Nikanywa, wala si kidogo.

Straton akarudi na chupa mbili mkononi.

“Na hii imetoka wapi?” akaniuliza.

Msichana akaonyesha kwa kidevu, “Kwa ule wa gita.”

Unamjua Straton. Alitua chupa zake, akapiga makofi kwa sauti, ua mzima ukageuka. “Umekunywa, Nzabandora! Macho yangu imeona! Umekunywa ya mukwe!” Watu wa milimani kwetu waliokuwamo, nao si wachache, wakaelewa mara moja, wakaanza kupiga makofi pamoja naye. Mama mmoja akapiga vigelegele. Muziki ukakatika.

Symphorien, aliposikia jina langu, alikuja mbio, akapiga goti mbele yangu, jasho likimtoka. “Papa, unisamehe, mie sikukujua! Kwetu wapiga muziki, muntu mwenye kusikiliza vizuri tunamutumia chupa. Nilikuona unasikiliza, njo maana. Nimekosa nini?” Watu wa Pinga hawana desturi yetu hii. Hakujua kwamba ameniomba kitu, wala mimi sikujua kwamba nimempa.

Straton alinishauri, alipokwisha kucheka, kwamba niseme ni kosa na jambo liishe. Nimelifikiri usiku kucha. Babu yako naye alikunywa kwa kiu, wala hakurudisha neno. Nikirudisha langu, nitamtazamaje mama yako? Basi nakuarifu kwamba nimekunywa, na kwa desturi yetu umetolewa. Jitayarishe. Sina manung’uniko juu ya kijana. Ni mwenye adabu.

Papa yako,
Védaste Nzabandora


Masisi, 20 Julai 1955

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sote hatujambo. Habari imefika kabla ya barua yako, kwa sababu mwalimu Straton alimwandikia mkewe siku ileile. Nikipita sokoni wanawake wananipigia makofi.

Papa, nakuheshimu, na sitasema neno la kukuvunjia heshima. Lakini chupa ile ilipita kooni mwako, haikupita kooni mwangu. Mama naye, alipomaliza kucheka, alisema, “Mie hakuna aliyeniuliza. Nilipata bahati tu, mume wangu alikuwa mwema. Wewe usitegemee bahati.” Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Tena nimeisoma barua yako mara nyingi. Kuhusu besi ya Papa Nestor umeandika vizuri mno, karibu niisikie. Kuhusu Symphorien umeandika, “Ni mwenye adabu.” Nilikutuma umtazame mtu, Papa, ukatazama besi.

Shule imefungwa. Shangazi Dancille anakwenda Bukavu kumtazama mwanawe aliyejifungua, nami nimemwomba Mama ruhusa ya kufuatana naye, amenipa. Mafunzo yako yatakuwa yamekwisha, nawe utakuwa njiani kurudi. Labda tutapishana ziwani. Nitamtazama mwenyewe.

Usikasirike.

Mtoto wako,
Euphrasie


Masisi, tarehe 14 Agosti 1955

Kwa mwanangu Euphrasie,

Salamu. Nilifika salama. Mama yako ni mzima na anakusalimu. Umekaa huko bila kutuandikia, nami nimekwisha kusahau kukasirika.

Nilikusudia kukuandikia barua ya kukukemea. Mama yako aliisoma mwanzo wake, akauliza kama hukumu yangu ni ya haki au inatoka kwenye aibu yangu. Niliichana. Ulikuwa na haki ya kwenda. Straton anasema sokoni kwamba neno langu limevunjwa na binti yangu. Nimemjibu mbele ya watu kwamba neno langu lipo palepale: mimi nimekubali. Lililobaki si langu.

Ukikaa kwa Mama Sidonie, kaa upande wa kushoto. Kulia ngoma inafunika gita la pili.

Papa yako,
Védaste Nzabandora


Bukavu, 21 Agosti 1955

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima, Shangazi mzima, mjukuu wake ana mapafu ya mpiga tarumbeta. Msalimu Mama sana.

Nimekaa upande wa kushoto. Ulisema kweli.

Nilipoingia mara ya kwanza, Symphorien aliniona akapoteza mwendo, na Papa Nestor akamkemea mbele ya watu wote, “Wee wa Pinga! Gita iko mikononi, si machoni!” Symphorien mwenyewe alicheka kuliko wote, akaomba radhi, akaanza tena. Baadaye nilimwona akiwabebea wenzake vyombo, na akimsaidia Mama Sidonie kupanga viti ambavyo yeye mwenyewe aliviunga. Nimekwenda pia pale anapofanyia useremala, bila kumwarifu. Fundi wake anamsifu, ila anasema Jumatatu huchelewa.

Kuna jambo jipya. Wapigaji wameitwa Stanleyville kwa mwaka mzima, katika baa kubwa ya huko. Amenitaka twende kama mume na mke. Nikamwambia kwamba nina darasa la wasichana Masisi, na kwamba nalipenda mno. Siku ya pili alikuja kwa Shangazi akakaa kizingitini, akasema, “Papa yako alikunywa bila kujua, na mie nilituma bila kujua. Ile chupa mie siihesabu. Siwezi kukushika nayo. Ukisema hapana, nitakuja Masisi kumwambia Papa mimi mwenyewe, asipate haya.” Shangazi, aliyekuwa amejifanya hasikii, aliingia ndani akaniletea kiti nikae karibu naye.

Papa, nimefurahi hapa. Nacheza Jumapili mchana, na gita likibaki peke yake nasimama kusikiliza kama wengine. Lakini furaha ya Jumapili si mwaka mzima wa Stanleyville, na darasa langu lina watoto walioanza tu kusoma. Nimemwomba aningoje mpaka shule ifunguliwe, niwatazame watoto wale machoni nikiwa nao darasani, nijue kama naweza kuwaacha. Amekubali. Wapigaji wataondoka Oktoba.

Narudi na Shangazi kwa meli ijayo, nami nitakaa na wewe na Mama tuzungumze, ila msiniharakishe. Nikishaamua nitaandika kwa mkono wangu: barua moja kwake, na moja kwako, ingawa tutakuwa nyumba moja, ili uwe nalo neno langu kama mimi nilivyo nalo lako.

Mtoto wako akupendaye,
Euphrasie