Kipindi Chetu cha Uchaguzi wa Marekani

Magoudjou, Moroni

Kwa kaka yangu mpenzi Abdalla,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima na kifua chako kimetulia baada ya zile mvua. Wifi yangu mguu wake vipi, ameweza kupanda ngazi? Na wanangu je, bado wanagombania kitanda cha dirishani? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Shangazi naye mzima. Anakuombea dua kila baada ya sala, na akimaliza dua anakulaumu kwa kutoandika.

Uliniuliza nani atachukua urais wa Marekani, kwa kuwa barazani kwenu mmeshagawanyika makundi mawili, na wewe unataka ushahidi wa dada yako anayefanya kazi redioni. Nitakujibu. Ila uchaguzi huo wa watu wengine huku kwetu umezua mambo, na itabidi uyasikie nayo.

Kwanza jibu lako. Hakuna anayejua. Kura zenyewe ziko mbali, hata mchujo ndani ya vyama haujaanza. Makamu wa rais anataka kurithi kiti, na chama chake kina la kujivunia, maana watu wana kazi. Lakini wachambuzi wanasema Wamarekani wakikiona chama kimekaa sana Ikulu huanza kutazama upande wa pili, hata wakiwa wameshiba. Upande wa pili kuna gavana mmoja ambaye kila mtu anamtaja, na mwenyewe hajafungua mdomo. Kuna na seneta mmoja mwenye ulimi mkali, anapendwa na waandishi wa habari kuliko anavyopendwa na chama chake. Wengine wameunda kamati za kuwashauri kama wagombee au wasigombee. Mimi namwona makamu ana nafasi nzuri kidogo, lakini usije ukaweka dau kwa neno langu.

Sasa nikueleze. Unajua kazi yangu ilikuwa kusikiliza idhaa za Kiingereza mchana na kuandika habari za nje, kwa sababu wenzangu wote wamesoma Kifaransa. Tangu kisiwa cha Nzwani kitangaze kujitenga na sisi wa Ngazidja, redio yetu ndogo imekuwa kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Tukigusa habari za Nzwani simu inalia kwa mkuu wetu: mmewapendelea waasi. Kesho yake inalia tena: mmewatukana Wanzwani. Siku moja mkuu alikata simu, akaingia chumba cha habari, akasema, "Nitafutieni uchaguzi wa mbali."

Ndipo kikaanza kipindi chetu. Mimi nilitetea chama cha makamu, na fundi mitambo wetu, Bakari, akatetea chama cha gavana. Bakari ni mtu wa Mutsamudu, kule Nzwani, wa ndani kabisa ya mji wa kale, huko ambako gari haliingii. Alikuja Moroni kusoma akabaki. Ni mgane, mtaratibu, hacheki ovyo. Majina ya vyama vya Kimarekani yaliwashinda wasikilizaji, kwa hiyo tukavitaja kwa wanyama wao: mimi nikawa Bibi Punda, yeye Bwana Tembo. Mimi nilisema Kingazidja nilichofundishwa na marehemu baba, yeye Kinzwani chake. Watu walikipenda kipindi kuliko tulivyotegemea. Nilipoeleza habari ya zile kamati, Bakari alisema, "Huku kwetu mtu hugombea kwanza, kufikiri ni baadaye." Sokoni wakawa wananisimamisha: "Bibi Punda, makamu wako leo kaamkaje?" Kaka, ilikuwa raha kubishana kwa sauti kubwa juu ya jambo lisilomuumiza mtu.

Kisha mazungumzo ya visiwa yaliyofanyika ng'ambo yakavunjika. Wajumbe wa Nzwani walikataa kutia saini. Tulitangaza habari hiyo jioni, na kesho yake Moroni ikachafuka. Vijana walifunga njia kwa mawe na magurudumu yanayowaka, wakawa wanasimamisha magari na kuwatafuta Wanzwani.

Siku hiyo tulikuwa ndani ya teksi, tunatoka Magoudjou kwenda kazini. Teksi za huku abiria hawajuani, kila mmoja anashuka kwake. Nyuma tulikaa mimi, Bakari, na mama mmoja wa Kinzwani ninayemjua, Bi Eshata, maana anauza vitambaa sokoni. Alikuwa amepakata furushi lake. Tulipofika kizuizini, kijana mwenye rungu akainama dirishani.

"Salimieni, mmoja mmoja."

Huku salamu inatosha. Mngazidja na Mnzwani hawasalimii namna moja. Dereva akasalimia, nami nikasalimia. Bakari akasalimia Kinzwani, hakugeuza hata silabi moja. Kijana alimkazia macho, lakini mwenzake akapiga kelele, "Ah, sauti hii! Huyu si Bwana Tembo wa redioni?"

Wakasogea wengine.

"Wewe ndiye unayesema makamu atashindwa?"

"Ndiye mimi."

"Utaumbuka, bwana."

"Tutajua siku ya kura," akasema Bakari.

Wakacheka, wakaanza kusogeza mawe ili tupite. Dereva alikwisha kutia gia. Ndipo yule mwenye rungu akauliza, "Na huyu mama?"

Bi Eshata akasalimia kwa sauti ndogo.

"Shuka."

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ni mtu mzima, anakaa hapa kabla wewe hujazaliwa."

"Wewe usiingilie. Wenzake wamekataa saini. Meli iko bandarini, na waende kwao wakakae."

Dereva naye akasema, "Jamani, huyu abiria wangu," wakapiga rungu usoni mwa gari, taa ikavunjika. Bi Eshata akafungua mlango. Hakulia. Alivuta furushi lake likamshinda.

Bakari akashuka upande wa pili, akazunguka, akalichukua lile furushi.

"Wewe panda," wakamwambia. "Na wewe hatuna neno."

"Mimi Mnzwani kama yeye. Na mzigo huu peke yake hataufikisha bandarini."

"Panda, Bwana Tembo! Acha ujinga."

Hakupanda. Aliinama dirishani kwangu, akasema, "Zuhura, makamu wako leo kabahatika, hana mpinzani." Kisha akamfuata Bi Eshata.

Mimi na dereva tulizunguka njia ya nyuma hadi bandari ya zamani. Palikuwa na watu wengi, na magodoro, na masufuria, na mwanamke mmoja aliyevaa kiatu kimoja. Mashua ziliwapeleka kwenye meli iliyotia nanga nje. Nilimwona Bakari yuko majini hadi magotini, furushi kichwani, anamshika Bi Eshata mkono apande. Nilimwita. Kelele zilikuwa nyingi, hakugeuka.

Kazini mkuu aliniambia, "Kipindi kiendelee. Sema mwenzio yuko likizo."

Nilikaa mbele ya maikrofoni. Nikasema kwamba Bwana Tembo hayupo. Ameshuka kwenye teksi kumbebea mzigo mama wa Kinzwani aliyefukuzwa, na sasa wote wawili wako baharini. Nikasema kwa kuwa chama chake hakina msemaji, na mimi sitasema. Nikavua visikilizio. Mkuu alikimbilia kuweka kaswida.

Hakunifukuza. Alinihamishia kwenye matangazo ya vifo, na huko nimekaa mpaka leo. Kuna majirani walioacha kuniitikia salamu. Dereva wa teksi yeye alikuja nyumbani na mkewe, wakakaa na Shangazi mpaka magharibi, wakaondoka. Baadaye wanajeshi wakashika serikali, vizuizi vikaondolewa, na ukiuliza sasa, hakuna mtu aliyekuwapo.

Simu za Nzwani hazipatikani. Lakini kuna muuguzi mmoja wa Kimalagasi anayekwenda huko na ndege ya misaada, na wiki hii alinitafuta redioni. Amemwona Bakari huko Mutsamudu. Bi Eshata yuko kwa binti yake. Bakari anatengeneza redio za watu chini ya nyumba ya mama yake. Wakubwa wa huko walimtaka aeleze hewani uovu wa Wangazidja; akawajibu kwamba akieleza, ataeleza na ya dereva aliyevunjiwa taa. Hawakumrudia tena. Muuguzi anasema majirani zake sasa wanamwita Mngazidja.

Halafu akaniambia, "Ameniagiza nikuulize jambo moja, na nimeona haya kuliuliza. Anataka kujua posa aipeleke kwa nani."

Kaka, sikufikiri sana. Nilimwambia baba yangu amefariki, walii wangu ni kaka yangu mkubwa aliye Unguja.

Shangazi nilimweleza usiku wa kuamkia leo. Alisema, "Huku mwanamume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke. Wewe ndiye utakayemfuata? Tena Nzwani, ambako hata wenyewe wanakuhama?" Nikamwambia Bakari hawezi kuja Moroni, na mimi naweza kwenda. Akaendelea kuchagua mchele. Baadaye akauliza, "Mama yake ni mtu wa namna gani?" Nikamwambia sijui. "Basi ulizia," akasema.

Najua utasema nimechanganyikiwa. Huko mitaani wana silaha, na hakuna anayeweza kukwambia mwaka ujao bendera gani itapepea kwenye ngome ya Mutsamudu. Wachambuzi wa Nzwani hawana hakika zaidi ya wale wa Marekani. Lakini mimi ni mjane mtu mzima, nimekaa na mtu huyu chumba kimoja tukibishana, sikuwahi kumsikia akisema asilolimaanisha. Nimekubali. Sheria inataka na neno lako, na moyo wangu unalitaka zaidi ya sheria.

Muuguzi atasafiri tena akipata nafasi kwenye ndege. Niandikie haraka kwa mkono wa huyu anayekuletea barua. Ni mtu wetu, mpe chai. Andika ndiyo au hapana, usiandike tutaona.

Nisalimie wifi yangu, mwambie majani ya mguu ayachemshe, asiyatwange. Nisalimie bibi mzaa mama, msomee barua hii polepole na pale penye rungu uruke. Nisalimie ami yetu wa msikitini, na somo yangu wa nyumba ya pili, na wanangu wote kwa majina yao. Barazani waambie dada yako amejitoa katika siasa za Marekani.

Mungu akuhifadhi na akulainishie moyo.

Ni mimi mdogo wako,

Zuhura